Maji ya Kusuuza

Uvundo ule ulianza kama mgeni mstaarabu. Ulikaa jikoni kwenye kona yake, ndani ya mashine ya kufulia, ukitoka kidogo tu mlango ukifunguliwa. Lakini kufikia siku anazikwa Phineas Mlilo, ulishakuwa mwenye nyumba. Ulikupokea barazani, ukakusindikiza hadi sebuleni, na ulipoaga kwenda zako ulikufuata kwenye nguo mpaka kituoni.

MaTshuma, mjane wa Phineas, aliutafutia kila dawa aliyoijua. Aliongeza sabuni ya unga, uvundo ukanukia sabuni. Akatia maji ya marashi, uvundo ukawa umevaa vizuri kwenda harusini. Mwisho alifanya kama wengi tunavyofanya na tatizo lisiloondoka: akaliacha chini ya kitambaa. Kilikuwa kitambaa alichokifuma mwenyewe zamani, chenye mabata wawili wanaotazamana, na kilitandazwa juu ya mashine tangu siku ile ilipoingia nyumbani kwao, mtaa wa Pumula.

Maana ilikuwa mashine ya kutandaziwa kitambaa. Wenzake Phineas walipostaafu reli walinunua mbuzi na mabati. Yeye alinunua mashine ya kufulia, ya mlango wa kioo mbele, kwa sababu vidole vya mkewe vilikuwa vimeanza kujikunja kwa baridi yabisi. Kilabuni walimcheka mpaka pombe ikawatoka puani.

"Mlilo, mashine haizai!"

"Na mbuzi hawafui," Phineas aliwajibu, akanywa yake.

Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo mashine ilipata matunzo yote yaliyokuwa yakisubiri bila mwenyewe. Mlango wake ulifungwa daima, vumbi lisiingie. Na maji? Bulawayo mwaka ule bomba lilikohoa siku moja moja tu, siku nyingine likavuta pumzi na kunyamaza. MaTshuma aliilisha mashine kwa ndoo, akimimina kupitia droo ya sabuni. Alikulia kijijini Tsholotsho, akichimba mchanga wa mto mkavu kupata kikombe cha maji. Mtu wa namna hiyo humwambii amwage maji ya kusuuza. Maji ya kusuuza bado yana kazi. Basi mashine ilipofika suuzo la mwisho na kujiandaa kuyatapika, yeye aliizima ukutani, akayafungia humo humo tumboni, yakangoja nguo zijazo.

Phineas alipougua, nguo zijazo zilikuwa mashuka. Mashuka kila kukicha. Mgonjwa alikuwa akilivuta shuka hadi puani, anatulia kidogo, halafu anauliza:

"MaTshuma, ni mimi huyu ninayenuka hivi?"

"Ugonjwa hauchagui mtu, baba."

Katika baridi ya Juni akawa anataka dirisha liwe wazi. Halafu akamwomba mkewe ahamie chumba cha pili. "Usilale karibu nami," alisema, uso umeelekea ukutani. "Nataka ukinikumbuka usikunje pua."

Akafa Julai. Nguo zake zilifungwa furushi na kutiwa chini ya kitanda, kama ilivyo desturi, zingoje siku ya kugawiwa ndugu.

*

Siku hiyo ilitangazwa na Ottilia, dada wa marehemu, aliyekuja Jumapili baada ya kanisa, leso puani. Alifuatana na kaka yake Enock. Enock alikuwa mtu mfupi wa kicheko kirefu, na tangu mazishi alishalichukua jokofu la marehemu "kulitunza" na baiskeli yake "ili magurudumu yasisahau kuzunguka."

"Wifi," Ottilia alisema, akikwepa kuegemea kiti, "Jumamosi tunagawa nguo za kaka. Unajua kwetu kwa akina Mlilo. Nguo ya marehemu haitoki ndani na jasho lake. Itoke safi, anayeivaa asijisikie amevaa ugonjwa."

"Nitazifua, wifi." MaTshuma alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, na gauni lake jeusi la eda.

"Nitanusa moja moja. Mimi na pua yangu."

"Nimesikia."

"Na usije ukaficha hata kifungo. Kwetu mke hapewi nguo. Alikuwa na mwenyewe, inatosha."

Wakati huo Enock alishajipeleka jikoni. Walisikia kitambaa kikivutwa, mlango wa mashine ukilia, kisha mtu akikohoa kama aliyepaliwa na ugali.

"Haa! Shemeji!" Alirudi machozi yakimlengalenga. "Humu umemzika nani? Maana kaka tulimpeleka makaburini, mimi nilikuwepo!"

Hata MaTshuma kicheko kilimfika kooni, akakimeza.

"Na nilishamwambia mke wangu aitengee nafasi bafuni," Enock aliendelea, akijifuta. "Jumamosi hii nilikuwa naisubiri nije niibebe. Lakini kwa uvundo huu atanifukuza mimi na mashine. Kaa nayo, shemeji. Ni yako mpaka ufe."

Lilikuwa tusi. MaTshuma alilipokea kwa mikono miwili, kama zawadi.

Walipoondoka alilivuta furushi. Akatia koti kubwa la Phineas kwenye karai, akajaribu kulikamua. Vidole vilikataa. Alijaribu kwa viganja, akajaribu kwa viwiko, akalikanyaga kama mtu anayecheza ngoma peke yake. Koti lilikunywa maji yote, likakaa pale zito kama mlevi. Akachukua shati moja akalitia mashineni. Lilitoka limenyooka, jeupe, na linanuka kama kinamasi.

Alikaa chini na shati mapajani. Kwa mikono hawezi. Kwa mashine, watu watavaa uvundo na kusema ndio alivyokuwa Phineas. Na akiitoa mashine uvundo, Enock ataibeba, na hapo mikono yake itafua nini miaka iliyobaki?

*

Aliyemkuta katika hali hiyo ni MaMoyo, jirani wa upande wa pili wa ua. Alikuwa amefanya kazi za ndani Johannesburg miaka mingi, akarudi na begi la maua na mdomo usio na breki.

"Ngoja nielewe," MaMoyo alisema baada ya kusimuliwa. "Inuke ibaki, au inukie iende. Dada yangu, hata bwana sijawahi kumpata kwa masharti magumu namna hii."

"Usinichekeshe. Mwenzio nimekwama."

"Nenda mahakamani. Sheria inasema vitu vya nyumba ni vyako wewe."

"Nikishawashinda mahakamani, nani atakuja kunizika?"

MaMoyo alilichukua shati, akalinusa, akalirudisha haraka.

"Mlilo hatavaliwa akinuka," MaTshuma alisema mwishowe. "Tuisafishe. La Enock nitaliwaza baadaye."

Wakangoja maji. Jumatano asubuhi bomba likakohoa, likatema kutu, likatoa. MaMoyo alikuja amejifunga kanga kiunoni, chupa ya siki mkono mmoja, pakiti ya magadi mkono wa pili, kama daktari wa mifugo. Alipiga magoti mbele ya mashine, akafungua kidirisha kidogo pale chini ambacho MaTshuma alikuwa akikifuta vumbi kila siku bila kujua kwamba kinafunguka.

Maji meusi yakatoka. Yalijaza sinia, yakajaza beseni, na bado yakaja.

"Mama yangu! Maji haya ya nini humu? Mashine ikimaliza hutapika yote."

"Ni ya kusuuza. Huwa nayatunza."

"Unayatunza humo ndani? Tangu lini?"

"Tangu tuinunue."

MaMoyo alimtazama, akaendelea kuzungusha kichujio. Kilipotoka kilitoka na utelezi kama mlenda uliosahaulika sufuriani tangu Krismasi, na ndani ya mlenda kifungo cha shati, pini, na kipande cha utepe wa hospitali ambao herufi zake zilishafutika. Kisha akauvuta mpira wa mlangoni kwa vidole viwili. Chini ya mkunjo mlikuwa na tope la kijivu, na ndani ya tope soksi ya Phineas, ya kijivu yenye mstari mwekundu, aliyokuwa akivaa zamani kazini. MaTshuma aliitafuta siku ile ya kumvisha, akaikosa, wakamzika na soksi nyingine.

"Basi ndiyo habari yako hiyo," MaMoyo alisema, akifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku. "Maji umeyafungia, mlango umefunga, na juu umewalipa mabata wawe walinzi! Hata wewe nikikufungia humo na maji yako ya kuogea, ukitoka hatusalimiani. Uvundo wote huu umeufuga mwenyewe, dada, kwa mikono yako!"

Alicheka. Alicheka kidogo tena, peke yake, kisha akageuka.

MaTshuma alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, soksi mkononi, inamchuruzikia gauni.

"Mashuka yake yalikuwa yakitoka humu," alisema.

"Eeh."

"Alikuwa akiniuliza kama ni yeye."

MaMoyo aliweka kichujio chini taratibu. "Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ugonjwa hauchagui mtu." Akaigeuza soksi. "Nilikubali kwamba ni yeye. Naye akaamini. Akanihamisha chumba."

Bomba liliendelea kumwagika kwenye ndoo nyuma yao, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuna aliyekwenda kulifunga ndoo ilipofurika.

Wakaendelea na kazi iliyobaki. Walisugua mpira mkunjo kwa mkunjo kwa tambara la siki. Walichomoa droo ya sabuni, ambayo kwa nyuma ilikuwa imeota ukoga mweusi, wakaisugua kwa mswaki. Waliizungusha mashine tupu, maji ya moto kabisa, na siki, kisha wakaizungusha tena na magadi. Mwisho MaMoyo akauacha mlango wazi.

"Usiufunge tena. Iache ipumue. Na kwa jinsi sakafu yako ilivyoinama utajifunga wenyewe, kwa hiyo uwekee kitu hapa katikati."

MaTshuma aliingiza kichwa ndani ya mashine, akavuta pumzi. Haikunuka chochote. Ilikuwa kama kuingiza kichwa katika chumba kilichohamwa.

Nguo zilifuliwa siku ile, zikaanikwa. Zilipokauka zilinukia jua. MaMoyo alisema zinanukia kama duka la Mhindi. Alitaka kusikia mtu akicheka.

*

Ijumaa MaTshuma aliliwaza la Enock. Kilichotoka kwenye kichujio hakukimwaga. Mtu asiyemwaga maji ya kusuuza hamwagi kitu. Kilikuwa kwenye kopo la jamu nyuma ya mlango, pamoja na ile soksi, ambayo peke yake hakuifua. Alimimina kopo ndani ya mashine, akaisokomeza soksi mahali ilipokuwa, chini ya mpira, akafunga mlango na kuwarudisha mabata kazini. Kisha akafunga madirisha.

"Bulawayo nzima inatafuta dawa ya kuondoa harufu," MaMoyo alisema kutoka uani, "mwenzetu unaipandikiza."

"Itaota?"

"Kwa mbegu ile? Kesho asubuhi utaivuna. Lakini wageni watakula wapi?"

"Nje. Chini ya turubai."

Jumamosi upepo wa Agosti uliamka kabla ya watu. Ulibeba vumbi lote la Pumula, ukaling'oa turubai na kulitupa juu ya paa la jirani. Kufikia saa nne ukoo mzima wa akina Mlilo ulikuwa umesongamana sebuleni, milango imefungwa. Na uvundo ulikuwa umeota, tena vizuri kuliko mwanzo.

Nguo zililetwa kwenye mkeka. Ottilia alizinusa moja moja kama alivyoahidi, akitafuta kosa, akilikosa. Ilibidi azipeleke karibu kabisa na pua, kwa sababu chumba chenyewe kilikuwa kinashindana naye.

"Safi," alisema, kana kwamba neno linamgharimu. "Koti ni la Enock. Suti ya kanisani, wewe mtoto wa Bhekuzulu, njoo."

Zikaenda. Koti likaenda, na suti, na mashati, na kofia ya reli. MaTshuma aliketi pembeni akizitazama zikivaliwa na mabega mengine. Mwishowe Ottilia akainua soksi moja ya kijivu yenye mstari mwekundu.

"Ya pili iko wapi?"

"Sijui, wifi."

"Mguu mmoja! Nani atachukua mguu mmoja?" Watu wakacheka. Akamrushia, ikamwangukia mapajani. "Haya. Hujapewa hiyo, umetupiwa."

Hapo mke wa Enock, ambaye bado alikuwa na nafasi yake bafuni, alikwenda jikoni kuhakikisha kwa macho. Mlango wa mashine ulilia. Alirudi amejiziba uso kwa mikono yote miwili.

"Enock! Ukikileta kile kitu kwangu, mimi nalala kwa mama yangu!"

"Si nilikuambia?" Enock alicheka kicheko chake kirefu, ndani ya koti la kaka yake.

Basi MaTshuma alikuwa ameshinda. Alisimama, akaenda kupakua. Kulikuwa na nyama ya mbuzi, ugali, na amacimbi, wale viwavi wa mti wa mopani, aliowakaanga kwa nyanya kama Phineas alivyowapenda. Sahani zilipita mkono kwa mkono, zikafika, zikakaa. Watoto walijibana pua. Bibi mmoja alimega tonge, akalitazama, akalirudisha.

Ottilia akasimama.

"Msile," alisema. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hilo lilifanya iwe mbaya zaidi. "Mimi nilikuwa nikija kumwona kaka yangu kitandani. Nikiinama kumsalimu, nilikuwa nasikia harufu hii hii. Nikarudi nyumbani nikilia, nikasema kaka yangu ameoza akiwa hai. Kumbe haikuwa yeye. Ni nyumba. Ni huyu mwanamke. Kaka yangu amekufa akiwa amebeba harufu ya mke wake."

MaTshuma alishika bakuli la mchuzi. Alikuwa na la kusema. Angeweza kusema: nguo mlizovaa zimetoka kwenye mashine ile ile, nuseni. Angeweza kusema uvundo wa leo nimeutia jana, kwa makusudi, kwa sababu yenu. Neno moja lingemsafisha mbele ya ukoo mzima, na kabla ya jioni mashine ingekuwa mgongoni mwa Enock. Lakini hilo silo lililomfunga mdomo. Alimtazama wifi yake na kuona kwamba, katika yote aliyoyasema, hakukosea sana.

"Mnisamehe," alisema, akaweka bakuli chini.

Wakatoka mmoja mmoja na nguo zao, kwenye vumbi. Enock alitoka wa mwisho. Pale mlangoni alikosa mzaha, akaishia kujikuna shingo kwenye kola ya koti.

*

MaMoyo alikuja na sahani yake mwenyewe. Alikula nyama, akala amacimbi, akala kama mtu anayempiga mtu.

"Nakula kwa hasira," alisema na kinywa kimejaa. "Walivyo na pua za kifalme! Na ile mashine ni yako sasa, umesikia? Yako. Jumatano maji yakirudi tunaipiga siki, imekwisha."

"Imekwisha," MaTshuma alikubali.

Jirani alipoondoka alifungua madirisha yote. Upepo ulikuwa umelala, umeacha vumbi juu ya kila kitu. Kitandani hakukuwa na furushi chini yake tena. Msumari wa koti nyuma ya mlango ulikuwa msumari tu.

Akaenda jikoni. Aliwatoa mabata, akawakunja, akawatia kabatini. Alifungua mlango wa mashine, akaingiza vidole vyake vilivyopinda chini ya mpira, akaivuta soksi. Mfukoni mwa gauni alikuwa na ya pili.

Akainusa ile safi. Sabuni na jua, si zaidi. Akainusa ile nyingine. Na hapo, kwa uvundo ule, Phineas alikuja mzima mzima: shuka puani, uso ukutani, dirisha wazi katika baridi ya Juni. Hakukuwa na harufu yake nyingine yoyote iliyobaki duniani.

"Haikuwa wewe," alimwambia.

Ile safi aliikunja donge, akaisokomeza mlangoni mwa mashine ili usijifunge. Kisha akachukua ndoo ya maji ya kunywa, ndoo pekee iliyobaki mpaka Jumatano, akajaza beseni. Aliifua ile chafu kwa mikono. Iliuma kidole kwa kidole, akaendelea. Akaisuuza. Akamwaga, akajaza tena, akaisuuza tena, mpaka maji yakawa meupe kabisa, maji ambayo siku yoyote nyingine yangedeki sebule na kushusha choo na bado yakasubiri.

Akayabeba mpaka mlango wa nyuma, akayamwaga yote kwenye vumbi.